Silencieux ya Kumuleta Masika

Jumatatu, tarehe 3 Machi. Mususa, Butembo.

Nimekuwa babu. Séphora, binti yangu wa pekee, alijifungua jana kule Beni, commune ya Ruwenzori. Mtoto wa kike. Anaitwa Masika, jina ambalo sisi Wanande tunampa binti wa kwanza. Mke wangu Berthe alilia kidogo, kisha akaanza kufua vitambaa. Mimi nilitoka kuangalia motokari. Jumamosi nitaenda kuwaleta mama na mtoto, wapumzike kwetu mwezi mmoja.

Saa nane Séphora akapiga simu. Sauti dhaifu, maneno magumu. "Papa, mutoto hataingia mu ile motokari yako."

Nikauliza kwa nini.

"Papa, we unajua."

Najua. Miaka mitatu iliyopita silencieux, kile chombo cha chini kinachomeza kelele za mashine, kilidondoka njiani. Tangu siku hiyo pick-up yangu inasikika kabla haijaonekana. Na ikipunguza mwendo inatoa mlio kama wa bunduki. Mwezi uliopita ilitoa mmoja mbele ya soko la Beni. Wamama wote wakaacha nyanya zao wakakimbia. Mmoja alijificha chini ya pick-up yenyewe. Watu wa Beni wameona mengi, hawachezi na milio. Nilibaki peke yangu naokota nyanya. Sikujua niweke wapi macho.

Séphora akaongeza jambo la pili. Baba mkwe wake, Edmond, amejitolea kuwaleta kwa motokari yake.

Edmond. Mwalimu mstaafu. Jeep ndogo nyeupe yenye kapeti ndani, kimya kama kanisa siku ya kazi. Kwenye harusi ya watoto aliniuliza mbele ya wageni kama nilikuwa napasha mashine moto ili niruke kutoka kiwanja cha ndege cha Mavivi. Watu walicheka mpaka keki ikachelewa kukatwa.

Mjukuu wangu hataingia Butembo kwa kapeti ya Edmond. Nina siku tano.

Jumanne, tarehe 4.

Nilikwenda kwa Musafiri, soudeur, muunga vyuma wa mtaa wetu. Akasema silencieux mpya itaagizwa Kampala, siku kumi na tano, kama mpaka ni mzuri. Nikamwambia tutaitengeneza wenyewe. Nilikuwa na mchoro. Debe la mawese, bomba katikati, sifongo ya godoro pande zote ili inyonye sauti.

Musafiri akauangalia mchoro kwa muda mrefu. "Mzee Kahongya, sifongo inaungua."

Nikamwambia moshi ukifika kule nyuma umekwisha kupoa. Akachukua debe akaanza kukata. Musafiri yuko kwenye mfungo wa Ramadani, hapendi kupoteza mate.

Debe halikuwa limeoshwa vizuri. Tulipowasha mashine, karakana yote ilinuka mandazi ya moto. Musafiri akaniomba kwa adabu nilipeleke debe lile mbali naye mpaka jua lizame. Lakini kelele zilipungua. Nimerudi nyumbani nikipiga miluzi, na miluzi yangu niliisikia.

Jumatano ya Majivu, tarehe 5.

Sifongo inaungua.

Ilianza mbele ya parokia, wakati watu wanatoka misa ya asubuhi. Moshi mweusi, mzito, wenye vipande vinavyoelea. Wamama waliovaa nyeupe walitoka wa kijivu. Padri alisimama mlangoni akiwa bado ameshika kisahani chake cha majivu. Akasema mwaka huu hakuna aliyekosa majivu, hata Waprotestanti wa ng'ambo ya barabara wamepata.

Berthe alirudi nyumbani kwa miguu. Nilimfuata polepole nikimwomba apande. Hakugeuka.

Séphora amepiga simu jioni. Habari zilikuwa zimefika Beni. Alisema Edmond tayari amefua kapeti.

Alhamisi, tarehe 6.

Kosa halikuwa wazo. Kosa lilikuwa debe. Kinahitajika chuma kinene. Nikatembea nyumbani nikigonga vitu kwa kijiko. Nyuma ya mlango wa duka dogo la Berthe kuna extincteur, ile chupa nyekundu ya kuzimia moto. Imekaa tupu miaka mingi. Nikaishusha.

Berthe akauliza duka likiwaka moto tutafanya nini. Nikamjibu duka haliendi Beni.

Badala ya sifongo nilichukua nyuzi za chuma za kusugulia sufuria, katoni nzima, kutoka rafu ya chini. Berthe nilimwambia zimenunuliwa zote na mteja mmoja mzuri. Alifurahi. Akauliza ni nani. Nikasema mtu wa mikahawa.

Musafiri alikata, akatoboa, akajaza, akaunga. Safari hii alitikisa kichwa tu kwa namna ambayo inaweza kuwa ndiyo. Nikawasha. Tukangoja.

"Iko inawaka?" akauliza.

Ilikuwa inawaka. Niliweka mkono juu ya mashine nikaisikia inatetemeka kama kuku aliyeshikwa. Nusura nimkumbatie Musafiri. Nimempigia Séphora. Akasema, "Ikiwa kweli, Papa, nitaona." Kwa Séphora, hilo ni ndiyo.

Ijumaa, tarehe 7.

Siku ya majaribio. Nilibeba wamama wanne na makabeji yao kutoka soko kuu, kama kila Ijumaa.

Kumbe kelele ile ilikuwa inafunika mambo. Sasa nasikia gia zinakohoa. Mlango wa kushoto unalia. Chini ya kiti changu kuna kitu kinatembea kutoka kuume kwenda kushoto kwenye kila kona. Mama Bénite, ambaye amepanda nami miaka sita, akauliza ile sauti ni nini. Nikamwambia imekuwapo siku zote. Akaomba kushuka, yeye na makabeji yake.

Waliobaki waliendelea kuzungumza kama walivyozoea, bila kujua kwamba sasa ninasikia. Mmoja alisema ninaendesha kama mtu anayetafuta sindano iliyopotea. Mwingine akanitetea, akasema ni kwa sababu sioni vizuri.

Ninaona vizuri sana.

Jumamosi, tarehe 8.

Tulitoka alfajiri, mimi na Berthe. Kwenye kizuizi kabla ya Beni askari alikuwa anasinzia kwenye kiti. Hakutusikia. Alipofungua macho, pick-up ilikuwa mbele ya magoti yake. Aliruka, akadaka bunduki, akapiga kelele kwa Kilingala, "Papa, outi wapi?" Nikamwambia tunatoka Butembo. Akasema motokari nzuri haifiki kama mwizi. Akanirudisha nyuma mita mia na kuniamuru nifike upya, nikipiga honi. Nikafika upya. Berthe alikuwa amefunika uso kwa kitenge, mabega yanatikisika. Sijui kama alikuwa analia.

Ruwenzori, Séphora akasimama mlangoni na mtoto mkononi. Akasikiliza pick-up ikiwaka, kwanza upande mmoja, kisha wa pili. "Papa, umefanya hii yote juu ya mutoto?"

Nikasema mais oui, bila shaka. Akapanda.

Edmond akasema atatufuata nyuma na jeep yake, kwa usalama. Nikamwambia barabara ni ya serikali.

Mtoto alianza kulia kabla hatujatoka mjini. Alinyonyeshwa, akalia. Aliimbiwa, akalia zaidi. Kilomita ishirini. Na katikati ya kilio kile, Berthe, aliyekaa na Séphora kiti cha nyuma, akamwambia kwa Kinande, polepole, "Baba yako hajalala wiki hii. Anaogopa utaona kwa Edmond ndiko kwenu."

Hakujua nasikia. Miaka mitatu sikuwahi kusikia sauti ya mke wangu ndani ya motokari ile. Nilitazama barabara tu. Séphora alinyoosha mkono akaushika ukosi wa shati langu, akauachia baada ya muda.

Kisha Berthe akasema, "Na ile katoni ya nyuzi, nimejua iko wapi."

Tulipopita Maboya, shimo. Kitu kikagonga, kikakwaruza, kikaachia. Pick-up ikanguruma kama zamani, pengine zaidi. Nilijua nimekwisha. Nikageuka kuomba msamaha.

Mtoto alikuwa amenyamaza. Akapiga miayo. Akalala.

Nikazima mashine nishuke kuokota kilichodondoka. Akaamka, akalia. Nikawasha. Akalala. Séphora akakumbuka kwamba miezi yote ya mimba, nyumba yao ilipakana na mashine ya kusaga mahindi.

"Papa, enda," akapaza sauti. "Hapana simama tena."

Sikusimama mpaka Mususa.

Edmond ndiye aliyesimama. Aliiona silencieux barabarani, akaiokota kwa mikono miwili. Ilikuwa bado ya moto. Akaiangusha ndani ya jeep, juu ya kapeti. Alifika saa moja baada yetu, madirisha wazi, moshi unamtangulia, akatumbukiza vidole kwenye beseni ya maji kabla hata ya salamu. Nilimpokea kwa heshima zote. Nikaenda nyuma ya nyumba dakika kumi, nikarudi na uso wa huzuni.

Jumapili, tarehe 9.

Edmond amelala kwetu, mikono imefungwa bandeji. Berthe anamlisha kwa kijiko. Anasema mchuzi ni mzuri.

Masika hajalala. Nyumba yetu ina utulivu mwingi. Baada ya misa nikapata wazo. Nikaegesha pick-up chini ya dirisha la Séphora, mkia ukielekea ukutani, nikawasha. Mtoto alilala dakika ileile. Niliketi kwenye usukani, mikono imekunjwa, babu mwenye faida.

Kisha jirani yetu Zorobabel akaja kulalamika. Nikamwambia ni kwa ajili ya mtoto. Kisha Séphora akatoka na mtoto wake wanakohoa, moshi unawafuata mlangoni. Berthe akaja, akazima, akachomoa ufunguo, akaufunga kwenye pindo la kitenge. Edmond akasema kutoka kitini kwake kwamba kwa mara ya kwanza nimewafanya watu wote wa nyumba wakubaliane.

Hawajaelewa. Shida haikuwa mashine, shida ilikuwa moshi. Moshi unataka kupandishwa tu. Bomba la mabati, mita tano, kutoka mkia wa pick-up mpaka juu ya paa. Nimekwisha kupima ukuta kwa kamba wakati wanakula. Musafiri atasema bati linaungua, nitamjibu kwamba bati si sifongo.

Ufunguo uko kwa Berthe. Haidhuru. Pick-up ya umri huu inawaka hata kwa nyaya mbili, na nyaya ninazijua zilipo.