Malalamiko Kuhusu Moshi wa Pilau Uliovuka Kijito

Stambuli Pazi,
Fundi Cherehani na Katibu wa Kamati ya Kaboni,
Kijiji cha Mlunda,
Kupitia Mkuyuni, Morogoro.

Mratibu wa Biashara ya Kaboni,
Morogoro Mjini.

Ndugu Mratibu,

YAH: KUOMBA MOSHI WA KIJIJI CHA KISOSA UZUIWE KUINGIA MLUNDA

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Sisi huku mlimani hatujambo, isipokuwa mimi. Naandika barua hii nikiwa na akili timamu. Mke wangu, Mwanvita, amenishauri sentensi hiyo niiondoe kwa sababu nitatakiwa kuleta shahidi, lakini nimeiacha.

Ili usipotee, nianze na namna tulivyoingia kwenye jambo hili. Mlunda na Kisosa ni vijiji viwili vilivyotenganishwa na kijito ambacho mtu mwenye suruali anakiruka, na mwenye kanzu anakizunguka. Juu yetu kuna msitu mmoja. Mwaka juzi alikuja mtaalamu, Bi Winfrida, kutoka kampuni inayonunua kaboni. Alituweka darasani pale shule ya msingi, akatueleza kwa upole: "Kuna viwanda huko mbali vinatoa moshi. Wanaupunguza kadiri wanavyoweza. Ule wanaoshindwa kuupunguza, wanawalipa ninyi mtunze msitu uumeze. Lengo ni kinachotoka na kinachomezwa vilingane."

Watu wote walielewa, wakaenda zao nyumbani. Mimi nilielewa kupita kiasi.

Tulikubaliana fedha hizo ziezeke zahanati, ambayo wodi yake ya wazazi ina kuta nne nzuri na turubai. Nikachaguliwa katibu, kwa sababu ndiye niliyeuliza maswali mengi hadi watu wakachoka. Kisosa nao wakaingia mkataba, ila na kampuni nyingine, yenye kipimo kingine na masharti mengine. Hakuna aliyetuambia tukae pamoja. Hapo ndipo malalamiko yangu yanapoanzia, na nayaorodhesha kama ifuatavyo.

1. Kuhusu mkaa uliokimbia.

Kwa upande wa Mlunda nilitunga sheria kali: hakuna kuchoma mkaa, hakuna kukata kuni mbichi, na moto wowote mkubwa uombewe kibali kwa katibu. Sheria ya Kisosa ilikataza kukata miti msituni tu. Shambani kwako choma utakavyo. Tulikuwa na mchoma mkaa mmoja, anaitwa Athanas, mtu mkimya. Nilifunga tanuri lake mbele ya watu, nikatoa na hotuba. Athanas alisikiliza hotuba yote, akasema, "Nimekuelewa, katibu," akabeba sepetu lake, akavuka kijito. Tanuri jipya alilijenga mahali ambapo akiita, mkewe anaitikia kutoka nyumbani kwao huku Mlunda. Kisha akaanza kutuuzia sisi mkaa.

Bi Winfrida alipokuja kukagua nilimpandisha kilimani nikamwonyesha kijiji. "Mlunda moshi umekwisha," nikamwambia.

"Na ule?" akauliza, akinyoosha kidole ng'ambo.

"Ule wa Kisosa."

"Unaelekea wapi?"

"Unakuja huku."

"Na huo mkaa ukishaiva, ananunua nani?"

Nilimwambia kwamba swali hilo lingefaa liulizwe Kisosa. Alinitazama kama daktari anavyomtazama mgonjwa aliyekunywa dawa ya kupaka. Akasema, "Mzee Stambuli, ukibana upande mmoja peke yake, moshi haupungui. Unahama." Sikupenda alivyosema, kwa sababu nilikuwa nataka kuyasema hayo mimi.

2. Kuhusu pasi yangu.

Kiongozi anatangulia. Niliacha kutumia pasi ya mkaa, nikawatangazia wateja kwamba kuanzia sasa nguo zitanyooshwa kwa kulaliwa. Suti ya mwalimu mkuu niliitandika chini ya godoro nikailalia kwa moyo mmoja. Aliivaa kwenda kikaoni Mkuyuni, ikiwa na mistari ya chaga za kitanda changu mgongoni, na mahali fulani umbo la goti. Wateja wangu sasa wanavuka kwenda kwa fundi wa Kisosa, anayetumia pasi ya mkaa, mkaa wa Athanas. Kwa hiyo Ndugu Mratibu, moshi ni uleule. Umebadilisha fundi tu.

3. Kuhusu mahari ya miti.

Nina binti mmoja, Yasmin, anasoma chuo pale Mazimbu. Alichumbiwa na kijana wa Kisosa, Abuu, mtoto wa Mzee Hashimu. Kijana ana adabu, shikamoo yake unaisikia kabla hujamwona. Walipokuja kuposa, Yasmin alikuwa ameshasema mahari yake ni msahafu na kitanda. Mimi nikaongeza ombi la baba: miti. Nilitaka miti iliyosimama, inayomeza, ili nyumba yangu iwe ya kwanza katika milima yote ya Uluguru kulinganisha kinachotoka na kinachomezwa.

Mzee Hashimu aliwatazama wenzake. "Mkwe, miti utaibeba?"

"Itabaki palepale," nikasema. "Nitaihesabu tu."

"Basi chukua kile kichaka cha mpakani, pale kijitoni," akasema, na wazee wakacheka hadi mmoja akatolewa nje.

Nilikiingiza kichaka kile kwenye hesabu ya Mlunda siku hiyohiyo. Bi Winfrida alipoilinganisha na ramani akakuta mambo matatu. Kichaka kilikuwa tayari kwenye hesabu yetu tangu mwanzo. Kilikuwa pia kwenye hesabu ya Kisosa, kwa ile kampuni nyingine. Na sasa kimeingia tena kama mahari. Miti ileile ilikuwa inameza moshi wa watu watatu. Kampuni zote mbili zikasimamisha malipo mpaka ijulikane miti ni ya nani.

Mabati ya zahanati yakasimama hapohapo. Masika yakaja. Mama mmoja wa kwetu alijifungua huku turubai limejaa maji juu yake, na mumewe amesimama kichwani kwake ameshika mwavuli. Mtoto ni mzima. Watu walilisimulia kama kichekesho, mimi sikuweza kucheka. Nilikaa kwenye cherehani siku hiyo sikushona kitu.

4. Kuhusu harusi.

Hili ndilo kubwa, na naomba ulisome ukiwa umekaa.

Harusi ilipangwa kufanyika kwetu. Mwanvita alikuja kwenye meza yangu ya kazi, akasimama upande wanaposimama wateja, akaomba kibali cha kuni za pilau. Nilimkatalia. Ningempa mke wangu, kesho ningemnyimaje mwingine?

"Baba Yasmin, unamnyima mwanao pilau?"

"Simnyimi pilau. Namnyima moshi."

"Kwa hiyo wageni wautafune mchele mbichi?"

Nilipendekeza ndizi mbivu, nanasi na matango, vyakula visivyohitaji moto. Nilieleza kwa kirefu faida zake. Nilipomaliza, Mwanvita hakuwepo. Alikuwa ameshakwenda Kisosa kwa mke wa Mzee Hashimu, Bi Maimuna.

Asubuhi ya harusi wanawake wote wa Mlunda walipita mbele ya nyumba yangu na masufuria kichwani, wakielekea kijitoni. Walinisalimia vizuri sana. Ng'ambo ya pili Bi Maimuna alikuwa ameshapanga mafiga. Mvua ilikuwa imenyesha, kuni zilikuwa mbichi, na hakukuwa na jiko hata moja la maana, mafiga tu uwanjani. Moto ule ulitoa moshi ambao Athanas mwenyewe alisimama akautazama kwa heshima. Upepo ukauchukua, ukauvusha, ukauleta kwenye turubai la harusi. Pilau ile ingepikwa kwetu, kwa kuni kavu, nyuma ya nyumba, tusingeona hata robo yake.

Shekhe alikohoa hotuba nzima. Abuu alipoulizwa kama amekubali kumwoa Yasmin alikohoa vibaya mno, shekhe akalazimika kumwambia, "Kijana, rudia, nisije nikafungisha ndoa ya kikohozi." Akarudia. Mimi nikaona ndio wakati wa kutetea hewa ya kijiji. Nikaondoka kwenye mkeka, nikashuka mpaka kijitoni na kanzu yangu isiyopigwa pasi, nikasimama juu ya jiwe. Nikapaza sauti kwamba kwa mamlaka niliyopewa na mkutano mkuu, moshi huo hauruhusiwi kuvuka.

Mzee Hashimu alijibu kutoka ng'ambo, bila hasira, "Mkwe, tumeuambia! Hausikii!"

Wakati huo wanawake walikuwa wameanza kuvusha masufuria. Nilitanua mikono kuwazuia. Jiwe lilikuwa na utelezi. Nilikaa majini, Ndugu Mratibu, mpaka kifuani, mbele ya wageni wa pande mbili, na kofia ikaondoka na maji kuelekea Ruvu. Hakuna pilau iliyomwagika. Waliovusha walinikwepa kwa ustadi, mmoja baada ya mwingine, kama mtu anavyokwepa gogo.

Yasmin aliinua gauni lake akateremka mpaka ukingoni. Nilidhani atalia. Akanipa mkono. "Baba, toka majini," akasema. "Nimeshaolewa. Njoo ule."

Alinifuta uso kwa kanga ya mama yake, nikapelekwa Kisosa, nikakalishwa kando ya moto uleule nikauke. Nilitetemeka, nikakauka, nikala sahani mbili. Mzee Hashimu alikaa pembeni yangu akiniongezea kachumbari, na wema huo uliniumiza kuliko maneno. Mpaka leo sijui hesabu yake inakwendaje: moto ulikuwa wa Kisosa, kanzu iliyokauka ni ya Mlunda, na miti iliyomeza moshi ule ni mahari.

5. Kuhusu kifua changu.

Tangu siku hiyo nimeanza kuhesabu pumzi zangu, kwani nazo zinatoa kaboni. Mwanvita amehamia chumba cha Yasmin. Anasema hawezi kulala na mtu anayehema kwa mgawo.

Baada ya maelezo hayo, naomba ofisi yako ifanye haya. Moshi wa Kisosa uzuiwe kijitoni. Kama haiwezekani, sheria ya vijiji vyote viwili iwe moja: kipimo kimoja, hesabu moja, kikomo kimoja cha kuchoma, ili mkaa usipate pa kukimbilia na mti usihesabiwe mara tatu. Kama nalo ni gumu, vijiji viunganishwe kiwe kimoja. Na hilo likishindikana, basi mlima uongezwe kidogo hapo katikati.

Aidha, naomba niteuliwe kusimamia pande zote mbili, nikiwa na filimbi na kofia mpya. Nasema hivi bila majivuno. Nawajua watu hawa. Wa Mlunda hawamsikilizi wa Kisosa, na wa Kisosa hawamsikilizi mtu yeyote. Uratibu ni jambo la kitaalamu. Wakiachiwa wenyewe hawawezi hata siku moja kukaa chini wakapatana, na watoto wa Mlunda wataendelea kuzaliwa chini ya mwavuli. Ni lazima itoke amri kutoka juu, ipokelewe na mtu mwenye upeo, na mtu huyo, kwa bahati mbaya, ni mimi.

Nisalimie wafanyakazi wote wa ofisini kwako, mlinzi wa getini, na yeyote atakayekuletea chai leo, ikiwa bado mnachemsha. Mwanvita anawasalimu, kwa sauti kutoka chumba cha pili.

Mimi niliye mtiifu wako, na bado na mafua,

Stambuli Pazi
Katibu

N.B. Nimefungua tena bahasha. Nilipotoka kwenda kutafuta mtu wa kushuka nayo Mkuyuni, nilikuta kijiji hakina watu. Wote walikuwa Kisosa mkutanoni, nikawafuata nikawakuta wanamaliza. Mwanvita anasema aliniita mara mbili, nikamjibu kwamba ninaandika jambo la muhimu.

Kumbe siku ile ya harusi, wakati mimi nakauka, yeye na Bi Maimuna walikuwa wanaosha masufuria na kuzungumza. Leo vijiji vimekubaliana: sheria moja kwa pande zote mbili. Athanas atachoma mkaa wa miti aliyoipanda mwenyewe, kwa tanuri la kisasa, na atawafundisha wengine. Kichaka cha mpakani kitahesabiwa mara moja, kwa jina la vijiji vyote. Bi Winfrida alikuwepo, na yule wa kampuni ya pili pia. Wamekubali kutumia kipimo kimoja na malipo yatafunguliwa. Mabati ya zahanati yanaagizwa.

Sherehe zote za pande mbili zitapikiwa kwenye jiko moja sanifu, la kuni chache, litakalojengwa karibu na kijito. Alihitajika mtu wa kuliwasha na kulitunza. Nimechaguliwa mimi. Nilipouliza nani amenipendekeza, Mzee Hashimu alisema nimepita kwa kura zote, hakuna aliyepinga, kwa kuwa sikuwepo kuzungumza.

Kwa hiyo barua hii usiijibu. Naituma kwa sababu tu nimeshabandika stempu.