Sekunde Mbili za Mjomba

Jumatatu, 4 Machi
Nimewahi kushinda mbio za magari mara tatu. Haya, mara moja. Haya basi, nilisukuma gari lililoshinda, maana lilikuwa limegoma kuwaka. Lakini nilisukuma kiume!

Siku hizi mimi ni mshika saa wa timu. Timu yenyewe ni gari moja, fundi mmoja, banda la mabati na madereva wawili wanaogombea usukani: mpwa wangu, mtoto wa dada, na binti tunayemwita Sindano kwa jinsi anavyopenya. Leo mama mwenye timu katangaza: Jumatano majaribio. Mwenye kasi ataendesha Jumamosi na msimu mzima. Mwingine afungashe. Mpwa ana miaka ishirini na tisa na hajui kazi nyingine. Dada kanipigia simu analia. Nimemwambia atulie, kaka yupo.

Jumatano, 6 Machi
Ushindi! Sindano akivuka mstari, naanzisha saa papo hapo, haki tupu. Mpwa akivuka, napiga chafya kwanza, ndipo naanzisha. Sekunde mbili pungufu kila mzunguko. Shule niliiacha darasa la tatu, ila hesabu za kutoa walikuwa wameshanifundisha.

Fundi kanuna. Eti injini ile anaijua kama mkewe, muda huo haiwezi. Nikamwambia labda na mke hamjui. Banda zima kicheko! Sindano hakucheka. Alivua glavu, akazikunja, akaniangalia. Sipendi watu wa kuangalia-angalia.

Alhamisi, 7 Machi
Mpwa kaja asubuhi, uso unang'aa. Anasema, Mjomba, kumbe naweza! Ile kona ya mwisho aliipita kwa woga, na bado akamshinda Sindano. Basi Jumamosi breki ataikanyaga akishafika ndani kabisa.

Nilitaka kumwambia. Wallahi nilitaka. Kinywa nilishakifungua. Akanikumbatia. Kinywa nikakitia chai.

Jumamosi, 9 Machi
Mizunguko minne alikwenda vizuri, wa nane kati ya kumi na wawili. Mzunguko wa tano akaingia kona ya mwisho kama anayekimbizwa. Gari likagonga ukuta wa matairi, likapinduka, likalala magurudumu juu. Fundi akakimbia. Mimi nimesimama, saa mkononi bado inahesabu.

Yu hai. Miguu yote imevunjika, wa kulia vipande vipande. Daktari anasema atatembea kwa mkongojo, Mungu akipenda. Mbio asahau.

Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Huyu alilisikia la mkuu, kavunjika yote mawili.

Dada kanishukuru kwa kushinda naye hospitalini. Kanishukuru!

Jumatatu, 11 Machi
Mpwa ananiomba radhi. Mimi! Anasema kasi alijaliwa, mwenyewe kaiharibu kwa pupa. Nikamwambia ajali haina kinga, baba. Nikamnyooshea mto. Akalala. Nikakaa nikimtazama hadi muuguzi akanitoa.

Ijumaa, 22 Machi
Gari limenyooshwa. Usukani kapewa Sindano. Fundi nikimsalimia anaiitikia spana, si mimi.

Lakini Mungu hamtupi mja wake. Dada ana kitindamimba, dume la miaka ishirini na nne, dereva wa lori la mchanga. Jana nimepanda naye. Ana mkono yule! Dada kasema nisithubutu. Wanawake bwana, waoga.

Nimemwandikia Sindano barua, naye atapewa kesho: Binti yangu, kiti umekipata, na mimi na wewe tunajua kimepatikanaje. Sitaki asante. Nataka fadhila ndogo tu, nayo ni haki yangu: Jumatano mwazime mpwa wangu mdogo kofia yako ngumu, nusu saa, azunguke mara tatu mama mwenye timu akiwepo. Usihangaike na mambo mengine. Muda nitampima mwenyewe.