Safari Yangu ya Kinshasa Kupitia Kipushi

Jumatano, 11 Juni

Mama mkwe anataka shimo jipya la choo. Jumamosi hii. Mchimbaji keshachaguliwa: mimi, fundi cherehani, mwenye vidole laini. Aliyenipendekeza ni Djafari, kaka wa mke wangu. Yeye ana mgongo mbovu, asema. Mgongo huo haukumzuia kupanda ndege kwenda Kinshasa mara mbili, na hachoki kutusimulia.

Nimepata dawa. Na mimi nitapanda ndege.

Alhamisi, 12 Juni

Nimemwambia Djamila, mke wangu, kwamba bibi harusi mmoja wa Kinshasa ananihitaji haraka, na tiketi kalipa yeye. Djamila akafurahi mpaka akaninyooshea shati jeupe na kunikaangia karanga za njiani. Nikajisikia vibaya. Ikapita.

Kwa kweli naenda Kipushi, hapa jirani tu, kwa rafiki yangu Kapya, kula na kulala hadi shimo lichimbwe na mwingine.

Ijumaa, 13 Juni

Siku mbovu kabisa.

Ndege ilikuwa iruke saa nne kutoka Luano, uwanja wetu wa ndege. Saa nne nikapanda taksi ya Kipushi. Saa tano niko kwa Kapya, nikampigia Djamila: nimefika. Djafari alikuwa kwetu. Ana kazi gani kwetu saa tano? Akachukua simu, akasema Kinshasa iko kilometa elfu moja na mia tano, na ndege inataka zaidi ya saa mbili. Nikajibu nimefika uwanjani tu, ndege imechelewa.

Nikasubiri kama mtu mwenye akili. Saa nane nikapiga tena: sasa nimefika kweli. Djafari tena.

"Kule iko saa ngapi?"

Nikasema naitazama saa kubwa ya ukutani hapa uwanjani, ni saa nane. Akacheka mpaka akakohoa. Kumbe Kinshasa wako nyuma yetu kwa saa moja. Nani aliamua nchi moja iwe na saa mbili? Nikasema basi saa ya ukutani ni mbovu.

Djamila akachukua simu. Kwa sauti ya chini akaomba kuzungumza na bibi harusi. Nikampa simu Annie, mke wa Kapya, nikamwashiria aseme Kilingala kidogo, kama mtu wa Kinshasa. Annie akanitazama. Akaitazama sahani yangu ya ugali.

"Djamila, bwana yako iko hapa kwetu Kipushi. Anakula bukari yetu tangu asubuhi. Kuya umukamate."

Jumamosi, 14 Juni

Nimechimba. Udongo wa Juni mgumu kama tofali. Djafari alikaa kitini, mto mgongoni, akinielekeza. Mama mkwe aligawa chai, mimi akanipita.

Jioni Djamila alinipaka mafuta mikononi. Kisha akauliza kama karanga zilikuwa tamu.

Jumapili, 15 Juni

Malengelenge. Hata kalamu inauma. Na mama mkwe sasa anataka ukuta kuzunguka shimo, Jumamosi ijayo.

Nimetafakari sana, na kosa langu nimeliona. Kinshasa ni mbali mno. Mbuji-Mayi ni nusu tu ya umbali ule, ndege haimalizi hata saa moja na nusu, na saa zao ni sawa na zetu.

Kesho nitamwambia Djamila kuna bibi harusi Mbuji-Mayi. Kapya hapokei tena simu zangu. Nitatafuta mtu Kinsevere, hapa karibu.