Nyuzi Saba za Goti la Kipriani

Njooni, enyi watu wa Kagerankanda, wekeni majembe chini na zimeni redio, niwasimulie vita vya goti la kaka yangu Kipriani, Mrina Asali, Mkwea Miti, asiyekimbia nyuki, ambaye panga lake mwenyewe lilimwasi akichonga mzinga, akashonwa nyuzi saba.

Ilipowadia siku ya kumi na mbili, siku ya kutolewa nyuzi, shujaa alitwaa kisu chake cha kurinia.

"Nitazitoa mwenyewe," akanena. "Mimi niliyewafukuza nyuki elfu katika makao yao, nishindwe na uzi?"

"Kaka, kisu hicho jana umemenyea muhogo," nikamwambia. "Kidonda kikiachia, msimu huu mizinga utaitazama ukiwa chini."

Hilo lilimwingia. Akakubali zahanati, ila kwanza akapaka goti zima asali, ati nyuzi zilainike. Tukashika njia, mimi nikisukuma baiskeli, yeye amekaa juu yake kama sultani.

Lakini nyuki waliinusa mali yao, wakatufuata hadi barazani. Benchi la wagonjwa likatawanyika kama jeshi lililovunjika. Bibi mmoja aliyekuja akichechemea aliondoka mbio. Hivyo Kipriani akawa wa kwanza kwenye foleni.

Nesi Mwanahawa, Malkia wa Mkasi, alilitazama goti.

"Nani kakutuma upake?"

"Asali ni dawa tangu enzi za mababu, ewe binti wa..."

"Nyoosha mguu."

Akaliosha. Akainua fundo kwa kibano, akakata uzi karibu na ngozi, akavuta. Akatoa mmoja, akaruka mmoja, hadi mwisho.

"Nataka nione kama kimeshika. Kunja goti, polepole."

Shujaa akafumba macho. Mimi niliyakodoa, nikaona: kidonda kimefunga mdomo, hakikutamka neno. Nyuzi zilizosalia zikasalimu amri.

"Osha kwa maji na sabuni, kausha kwa kitambaa safi. Kikivimba, kikipata moto au kikitoa usaha, rudi siku hiyohiyo. Miti usipande wiki mbili. Na usijikune."

"Wiki mbili, dada yangu? Na mizinga?"

"Mdogo wako ana miguu."

Ndipo, pale mlangoni, akazuka adui wa mwisho: muwasho. Mkono wa Kipriani ukaanza safari ya kwenda gotini, nesi akitazama, wagonjwa waliorudi wakitazama. Ukafika nusu ya njia. Ukakata kona. Ukalivamia goti la pili, lisilo na hatia, ukalikuna kwa kucha zote tano hadi shujaa akatokwa machozi ya raha.

Na iandikwe katika tarehe za Kagerankanda: siku hiyo, saa nne asubuhi, Kipriani hakujikuna palipowasha.