Dirisha la Chumba cha Mama Mkwe

Jumatatu, 27 Oktoba 2025

Mama mkwe analala na koti. Wiki ya tatu tangu atoke Bukoba kuja Buffalo kumlea Rogers, mwanetu wa miezi minne, na soksi zangu zote keshazimaliza. Nyumba yetu ya mbao ni ya zamani kuliko babu yangu. Upepo unaingia madirishani bila hodi. Editha, mke wangu, ametoa amri: nisipoziba hiyo baridi kufikia tarehe nane, yeye, mama na mtoto wanahamia mji wa Gahanna kwa dada yake mpaka Aprili. Huko kuna Dismas, mume wa dada mtu. Madirisha ya Dismas ni mapya. Amenitumia picha zake bila kuombwa.

Jumanne, 28 Oktoba

Nimepata! Madirisha mapya tuwaachie akina Dismas. Kuna dirisha la pili la alumini, linafungwa nje ya lile la zamani, baridi inabaki barabarani. Duka linakata kwa kipimo chako, bei ya kibinadamu. Wana fundi wa kuja kupima, kwa malipo. Nimekataa. Mtu mzima na futi yangu nipimiwe? Muuzaji akasema mara mbili kwamba kilichokatwa hakirudishwi. Nikamwambia sina tabia ya kurudisha. Editha nimemwambia kila kitu kimeshapimwa.

Alhamisi, 30 Oktoba

Nimepima sita. Limebaki la chumba cha mama mkwe, ghorofani. Mkwe haingii chumba anacholala mama mkwe wake. Hilo halina mjadala, iwe Bukoba au Buffalo. Nikaazima ngazi kwa Elie, jirani yetu Mkongomani, nipimie nje. Nimefika juu, futi mdomoni, pazia likafunguka. Mama mkwe huyo, kilemba cha kulalia kichwani. Nikamwamkia shikamoo futi ikiwa bado mdomoni. Nikashuka macho nimefumba. Elie, aliyeshika ngazi, akauliza kama nimepima. Nikasema ndiyo.

Editha angepima vizuri, lakini angejua nilidanganya Jumanne. Nimeandika kipimo cha dirisha la sebuleni, lililo chini yake. Yanafanana kama mapacha.

Ijumaa, 7 Novemba

Madirisha yamefika. Sita yamekaa barabara. Sebule ina joto la jikoni siku ya harusi. La saba limezidi urefu kwa viganja viwili. Nikalilaza ubavu. Halikukubali. Elie alinitazama kwa huruma. "Bon, nyumba ya zamani, kila dirisha iko na yake. Ulipima kweli?" Nimelificha nyuma ya nyumba na kupigilia turubai kwenye dirisha la mama mkwe.

Jumamosi, 8 Novemba

Upepo wa ziwani umeng'oa turubai. Asubuhi mama mkwe ameshuka na makoti mawili, mtoto ndani yake. Rogers, anayelala naye, anakohoa. Niliposikia kile kikohozi kidogo niliogopa kuliko siku zote za maisha yangu, nikakiri yote. Editha akasema kwa sauti ya chini, ile mbaya, kwamba yeye angepima kwa dakika moja. Mama mkwe hakunigombeza. Alisema, "Heshima yako nimeiona, baba, ila mtoto naye ana mapafu." Nikapendekeza walale sebuleni. Editha akajibu tarehe nane ni tarehe nane. Jioni Dismas alifika na gari, akagonga kioo changu kipya kwa ukucha, akanipa pole. Wameondoka.

Jumanne, 11 Novemba

Theluji. Editha amepiga simu, kikohozi kimepungua. Nimemshukuru Mungu kwa sauti. Rogers ameanza kucheka, na wa kwanza kuchekewa ni Dismas. Imeniuma sana. Lazima warudi kabla ya Krismasi. Duka lina punguzo, linaisha leo.

Nimepanda juu na futi. Nyumba tupu, mlango wa chumba uko wazi. Lakini kanga yake imebaki kitandani, kwa hiyo chumba bado ni chake. Nimesimama kizingitini, nikafumba jicho moja, nikaangalia vizuri sana.

Nimeshaagiza. Linalingana kabisa na la bafuni.