Reli ya Kaskazini, Upande wa Kwanza

Jumapili, 3 Februari

Baridi ya kukata masikio. Kahawa baada ya ibada, chumba cha chini cha kanisa. Clayton Berglund, daktari wa meno mstaafu na mjuaji wa kila kitu, akatangaza kwamba Jumamosi jumba letu la sinema litaonyesha Reli ya Kaskazini. Karibu saa nne nzima, tuzo tisa. Akauliza nani hajaiona. Hakuna aliyeinua mkono. Na mimi ningeuinuaje? Nimeisifu filamu hiyo tangu enzi nauza matairi. Sijawahi kuiona hata dakika moja.

Nikasema nimeiona mara saba.

Ardis Nygaard akanivuta pembeni. Ardis! Niliacha biskuti yangu mezani. Alisema yeye na marehemu mumewe Harlan waliiona siku waliyochumbiana, na anatamani kuiona tena. Tatizo ni mahali ambapo yule ndugu mdogo anakufa kwa ugonjwa wa mapafu. Harlan aliondoka vivyo hivyo, mwaka juzi. Ardis hakumbuki ni wapi hasa. Akaniomba nikae naye, nimguse mkono kabla ya hapo, atoke nje, halafu nimwite pakishapita. Angemwomba Clayton, lakini Clayton hunong'ona filamu nzima.

Nikamwambia asiwe na wasiwasi. Naijua kama kiganja cha mkono wangu.

Jumatatu, 4 Februari

Maktaba. Nikamwambia Marlys, mkutubi, kwamba diski ni ya binamu yangu wa Fargo, maskini hajawahi kuiona. Marlys akashangaa kwamba bado kuna watu wa namna hiyo. Nikasema ndiyo, kwao ni hivyo hivyo tu, hawajali. Nikaificha diski ndani ya koti na kutoka kwa mlango wa nyuma. Kengele ya wezi ikalia. Hakuna kitu cha siri katika mji huu.

Jumatano, 6 Februari

Nimefunga mapazia, nimezima simu, nimeitazama. Nilitegemea kusinzia. Wapi! Ndugu wawili, Matis na mdogo wake Jorun, wanajenga reli milimani, wanagombana, wanapatana, wanagombana tena. Mwishoni treni inatoka kwenye handaki, ndugu wanakumbatiana, kofia zinarushwa juu, muziki, kioo kikawa cheusi. Kwisha. Saa mbili tu! Watu wa hapa kwa kutia chumvi hawajambo.

Na hakuna aliyekufa. Jorun ana afya kuliko mimi. Nimewaza sana. Ni wazi kwamba huzuni imemchanganyia Ardis filamu mbili. Sitamsahihisha, ingekuwa ukatili. Kazi yangu ni kukaa karibu naye tu. Nimepiga pasi shati la bluu na diski nimeirudisha.

Ijumaa, 8 Februari

Clayton amepiga simu. Ameomba niseme maneno mawili matatu kabla ya filamu kuanza, maana mtu wa mara saba si mtu wa kawaida. Sauti yake sikuipenda. Nimekubali.

Jumamosi, 9 Februari

Lazima niandike.

Nilisimama mbele ya watu. Nikasema uzuri wa Reli ya Kaskazini ni kwamba unacheka mwanzo hadi mwisho na hakuna haja ya kuja na kitambaa. Ardis alinitazama kama mtu aliyepewa supu yenye unywele. Nilidhani ni haya.

Taa zikazimwa. Treni, handaki, kofia, muziki, weusi. Nikasimama, nikavaa koti, nikamshukuru Ardis kwa jioni nzuri. Akaniuliza naenda wapi, haya ni mapumziko tu. Nje, kwenye meza ya bisi, Marlys akaniuliza kama binamu yangu alikumbuka kuigeuza diski. Ina pande mbili, alisema, na wengi husahau.

Nikala bisi za Marlys bila kuomba.

Upande wa pili ni vita. Theluji, njaa, na kila mtu anakohoa. Kila mtu! Jorun akakohoa ndani ya behewa, nikamgusa Ardis, akatoka. Jorun alikuwa amepaliwa na mkate. Nikamwita. Akakohoa tena, nikamgusa, akatoka. Alikuwa anamwita mlinzi tu. Nikamwita. Jenerali akakohoa. Hapo najua nilikosea, jenerali si mdogo wa mtu yeyote pale, lakini mkono ulishaenda. Kila mara Ardis alipita juu ya magoti ya Clayton, na Clayton akaniambia waziwazi nimwache mama wa watu aketi.

Kisha ikaja harusi. Kinanda cha mkono, bibi harusi, watoto wanakimbia. Nikapumua. Nikamfuata Ardis mwenyewe hadi nje, nikamwambia aingie, sasa ni raha tupu. Akaketi. Jorun akaacha kucheza. Akaegemea mlango, akakohoa mara moja tu.

Sikumgusa. Sikuweza. Jorun alikuwa amelala chini, anamuuliza kaka yake kama treni imefika, na Matis akamjibu imefika, panda. Hakuna treni. Theluji tu. Nikaanza kulia. Sikulia kistaarabu. Nililia kwa sauti, hadi mistari ya mbele ikageuka. Nilikuwa nimempenda yule kijana.

Ardis hakutoka. Alinishika mkono hadi mwisho, naye akilia kimya kimya.

Jumapili, 10 Februari

Ardis alinisubiri nje ya kanisa. Akasema alijua tangu hotuba. Alikasirika, tena sana, nilipomwita kwenye harusi. Nikainamisha kichwa, nikangoja pigo. Halikuja. Alisema Harlan naye siku ile alilia hivyo hivyo, hadi watu wakageuka, maana alikuwa hajui kinachokuja. Miaka miwili alikuwa akimkumbuka Harlan wa hospitali tu. Jana amempata yule wa siku ya uchumba, na amempata kwa sababu aliketi kando ya mtu asiyejua kitu.

Aliomba jambo moja: nisimwambie tena nimeona kitu ambacho sijakiona. Nikaapa. Nilimaanisha kila neno. Nina furaha kupita kiasi.

Jumatano, 13 Februari

Kahawa kwa Marlys, maktaba. Ardis akasema Jumamosi ijayo wanaonyesha Malkia wa Bonde, filamu yenye urefu wa saa tano, na angependa kwenda na mtu ambaye hajaiona. Akanitazama mimi. Mimi! Hata jina la filamu hiyo nilikuwa silijui. Nikafungua kinywa kumwambia.

Clayton akacheka, akaninyooshea kidole. Akasema hapo hakuna cha kuuliza, Orrin Tvedt hajaona chochote maishani mwake.

Damu ikanipanda. Nikasema nimeiona mara nne, na moja ilikuwa kwa Kihungari.

Ardis akaweka kikombe chini. Kisha Clayton, mwenye kabati zima la filamu nyumbani, akasema kwa upole kwamba yeye hiyo ilimpita, hajawahi kuiona. Ardis akamwambia ampitie saa kumi na mbili.

Nimerudi nyumbani kwa miguu, nimechukia mno. Mtu mzima, daktari, anamdanganya mjane mchana kweupe. Waongo mimi siwawezi kabisa.