Muhtasari Uliotangulia Kikao

Jumatatu, 4 Agosti 2025
Wiki ya tano ya mafunzo kwa vitendo, ofisi ya kijiji, milimani Ileje. Baridi ya kukata masikio. Mimi mtoto wa Tunduma niliomba kupangiwa kwetu mpakani. Chuo kikaona nitaiva zaidi huku kwenye ukungu. Asanteni sana. Nikifeli narudia mwaka mzima, na mama ameshashonesha kitenge cha mahafali.

Mpinzani wangu ni Gwantwa, tunasoma darasa moja na tumepangiwa ofisi hii hii. Mtendaji wetu, Mama Jenista, anamsifu kutwa kucha, eti muhtasari wa kikao huumaliza ndani ya siku mbili. Siku mbili! Keshokutwa kuna mkutano mkuu wa kijiji kuhusu zahanati. Mihtasari yote ni ile ile: kufungua, yatokanayo, mengineyo, kufunga. Sasa nisubiri kikao cha nini?

Jumanne, 5 Agosti
Nimemaliza muhtasari wa kesho! Mahudhurio: watu 214. Wamekubali kwa kauli moja kuchimba msingi wa zahanati Ijumaa saa mbili asubuhi, kwa nguvu zao. Kwenye mengineyo wamempongeza kwa makofi mwanafunzi Lucky. Ndiye mimi.

Nikauchomeka katikati ya barua za utambulisho. Mama Jenista akasaini zote huku anaongea na simu. Mwenyekiti, Mzee Ambilikile, akasaini bila miwani. Saa tisa Watson wa bodaboda akaupeleka wilayani. Gwantwa kauliza mbona nacheka peke yangu. Wivu huo!

Jumatano, 6 Agosti
Hakuna mkutano. Kuna msiba. Kijiji kizima kimebeba majembe kwenda kuchimba kaburi. Nani atakaa kikaoni jirani yake hajazikwa? Umesogezwa wiki ijayo. Nimekula maharage ya msibani nikiwa nimeinamia sahani. Sijamwambia mtu. Kwani huko wilayani kuna anayesoma mihtasari?

Alhamisi, 7 Agosti
Yupo. Afisa kampigia Mama Jenista kumpongeza. Kesho anakuja mwenyewe kuwaona hao 214 wakichimba, na atakuja na Mwalimu Barnaba wa chuoni, anayezunguka kutupima. Mama Jenista kajibu asante mkuu, kakata simu, kanitazama. Tangu nizaliwe sijaogopa hivyo. Kasema basi nitachimba mimi.

Ijumaa, 8 Agosti
Nimechimba tangu saa kumi na moja alfajiri. Malengelenge mikono yote. Mzee Ambilikile kapita, kauliza namchimbia nani tena, maana marehemu alishazikwa. Gwantwa kaniletea chai na viazi vya moto. Dharau za wazi! Nikala vyote. Kisha akashika jembe, akachimba nami.

Saa mbili gari likafika. Afisa akahesabu wachimbaji. Wawili. Mwalimu Barnaba hakuhangaika kuhesabu. Alitoa ule muhtasari, akauliza imekuwaje muhtasari wa kikao cha tarehe sita upokewe wilayani kwa muhuri wa tarehe tano. Nikamjibu kwamba bodaboda ya Watson ina kasi sana.

Hakucheka hata mmoja.

Jumamosi, 9 Agosti
Hukumu imetoka. Naongezewa wiki nne hapa hapa, hadi tarehe 5 Septemba. Nikiharibu tena, mwaka ndiyo basi. Gwantwa kafaulu, anarudi kwao. Mama kapiga simu kuuliza mambo yanaendaje. Nimelia jamani, nikasingizia mafua.

Mama Jenista kanionea huruma. Kanishauri kuanzia sasa kila jioni niandike nilichofanya kweli, ndipo nitaiva. Ushauri mzuri mno. Nimeuchukua.

Ijumaa, 5 Septemba 2025
Wiki nne zimekwisha salama. Nimechapa kazi hadi Mama Jenista kaniomba nipumzike. Mwalimu Barnaba kanishika mkono kwa muda mrefu, machozi yakimlengalenga. Gwantwa kapiga simu kuomba ushauri wa kitaalamu. Kuta za zahanati zimefika kwenye lenta, juu ya madirisha.

Kwa kweli leo ni Jumapili tu, tarehe 10 Agosti, lakini nimeona niziandike wiki zote nne kabisa, nipate kulala.